Mteja kamulika dumu la maji kwa leza akasema ni plastiki tupu: leza inaona nini hasa kwenye maji?

SWALI: Habari mtaalamu. Mi nina kiwanda kidogo cha maji ya kunywa hapa Morogoro, tunauza madumu ya lita 18 na chupa za nusu lita. Juzi kaja mteja na leza ya kijani, zile zinazouzwa mtaani, akazima taa akamulika dumu, mstari wa kijani ukaonekana mpaka upande wa pili. Akasema hizo zote ni plastiki, na kwamba wazungu wamepima maji ya chupa kwa leza wakakuta vipande laki mbili na ushee kwenye lita moja. Nilikosa cha kumjibu na wateja wengine walikuwepo. Hivi leza inaonyesha kweli? Na kama inaonyesha mbona kipimo changu cha TDS (kile cha chumvichumvi zilizoyeyuka) kinasoma 20 tu? Kuna mashine naweza kununua ili nipime mwenyewe?

JIBU: Dada angu pole kwanza, kuaibishwa mbele ya wateja si jambo dogo. Nikwambie mapema ili usome ukiwa na amani: huyo mteja namba kaisoma sawa ila leza kaitumia ndivyo sivyo. Ile laki mbili na ushee ipo kweli, ntakuja nayo huko chini, ila ule mstari wa kijani kwenye dumu hauhusiani nayo hata kidogo, ni sawa na mtu asikie mlango umegongwa af aape kwamba aliyegonga ni shemeji yake. Kugongwa umegongwa. Nani kagonga, hilo swali lingine. Na kwenye kazi yetu hayo maswali mawili, la kwanza kuna kitu humo? na la pili ni kitu gani?, yana mashine tofauti, bei tofauti na shida tofauti kabisa.

Tuanze na mstari wenyewe. Umewahi kulala nyumba yenye tundu la msumari kwenye bati? Asubuhi jua linaingia kama fimbo mpaka sakafuni na ndani yake unaona vumbi linacheza. Ule mwanga wenyewe ukipita pembeni yako huuoni, unachoona ni vumbi linaupiga na kuutawanya, kidogo kinakufikia machoni. Leza kwenye maji ni hivyohivyo, jamaa anaitwa John Tyndall alishalichunguza hilo karne ya 19 kabla leza haijazaliwa. Kwahiyo mteja hakukosea kusema kuna kitu kinatawanya mwanga. Alipokosea ni pale alipoamua kwamba hicho kitu lazima kiwe uchafu, maana maji yenyewe, matupu, yaliyochujwa mpaka hamna tena cha kuchuja, nayo yanatawanya mwanga. Molekuli za maji hazitulii, muda wote hapa zinasongamana pale zinaachiana, na hizo tofauti ndogondogo zinatosha kuutupa mwanga pembeni. Smoluchowski na baadae Einstein walilipigia hesabu jambo hili, mwaka 1908 na 1910. Kwahiyo lete maji safi kuliko yote, zima taa, piga leza yenye nguvu, mstari utauona. Hafifu, ila utauona.

Na kijani ndo kinaharibu kabisa kesi yako. Vitu vidogo sana vinatawanya mwanga wa mawimbi mafupi zaidi ya mrefu, kijani cha leza hizo kinatawanywa zaidi ya mara mbili ya nyekundu ya kawaida, halafu jicho la binadamu lenyewe linaona kijani vizuri mara kadhaa kuliko nyekundu. Angekuja na leza nyekundu ya nguvu ileile, kwenye dumu lilelile, show yake ingepooza. Maji hayajabadilika, kilichobadilika ni rangi ya tochi. Ongeza na dumu lenyewe, lile la kurudishwa na kujazwa tena lina mikwaruzo kibao kwenye ukuta wake na kila mkwaruzo unatupa mwanga.

Fanya jaribio hili jioni, ntakueleza kwa ajili ya lile swali lako la TDS pia, maana ni swali zuri kuliko unavyodhani. Chukua glasi tatu za kioo, safi, jaza maji yako. Ya kwanza iache. Ya pili tia chumvi ya kushika kwa vidole viwili, koroga, iache itulie kabisa (chumvi nyingine za pakiti wanaweka unga wa kuzuia isigandane, huo unafanya ukungu, usije ukaniona muongo). Ya tatu tia tone moja tu la maziwa. Sasa pima TDS zote tatu, halafu mulika kwa pembeni, gizani. Ya chumvi TDS itaruka hadi mamia au elfu na kitu, mstari wa leza unabaki vilevile. Ya maziwa TDS haitasogea kwa maana yoyote, ila mstari utawaka kama taa ya tyubu. Umeelewa hapo? TDS inapima umeme unavyopita, yaani chumvichumvi zilizoyeyuka. Kipande cha plastiki hakipitishi umeme wala hakijayeyuka, kipimo cha TDS hakikioni, hata maji yawe yamejaa plastiki itakusomea 20 yako bila wasiwasi. Na leza nayo chumvi iliyoyeyuka haioni. Hivi vipimo viwili havigombani, vinaangalia vitu tofauti.

(Kwa kuwa tumefika kwenye TDS: akija mtu na kile kifaa chenye vyuma viwili vinavyotumbukizwa kwenye maji yakageuka kahawia, af anakwambia umeona uchafu wa maji yako ninunulie filta, mfukuze. Ule ni umeme unayeyusha chuma cha kifaa chenyewe, kutu yake ndo hiyo unayoonyeshwa. Maji yenye madini kidogo yanapitisha umeme vibaya ndo maana ya RO, yaani yaliyosukumwa kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, hayabadiliki rangi. Nimeona watu wazima wanalizwa na huo mchezo.)

Halafu, hizo leza za mtaani mtu asije akamulika tena dukani kwako watoto wakiwepo. Kibandiko kinasema miliwati 5, ndani huenda ni zaidi, na nyingi za kijani zinatengeneza kijani chake kutokana na infraredi ambayo huioni kwa macho, ikikosekana filta ndogo ya kuizuia inatoka nayo. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, mwaka 2010 walitoa taarifa ya leza ya kijani ya bei rahisi iliyokuwa inamwaga infraredi nyingi kuliko kijani chenyewe. Ikigonga ukuta wa dumu ikarudi kwenye jicho la mtu utajuta.

Haya, turudi. Swali la kwanza, kuna kitu? Hapa leza ni fundi kweli, ila ana udhaifu mmoja mkubwa na huo udhaifu ndo mzizi wa habari yote. Kitu kikiwa kidogo sana kuliko wimbi la mwanga, mwanga kinaotawanya unashuka kwa ukubwa wake kuzidishwa wenyewe mara sita. Sikiliza vizuri, mara SITA. Punguza kipenyo nusu, mwanga unapungua mara 64. Kitoe nanomita 100 mpaka nanomita 10, mwanga unapungua mara milioni moja. (Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 70,000 hivi, kwahiyo tunaongelea vitu ambavyo hata ukivipanga mia kadhaa kwa mstari havimalizi unene wa unywele.) Ndo maana dumu lenye chembe moja kubwa ya vumbi linaweza kuonekana chafu kuliko dumu lenye vijichembe milioni vya kweli vidogo. Jicho linadanganywa na wakubwa, wadogo hawasikiki.

Watu wamezunguka huo udhaifu kwa njia kadhaa. Mojawapo wanaacha kuangalia mwanga ni kiasi gani, wanaangalia unavyotetema. Chembe ndani ya maji haikai, inasukumwasukumwa na molekuli kila upande, kitu alichokiona Robert Brown mwaka 1827 na Einstein akakipigia hesabu 1905. Chembe ya nanomita 100 kwenye maji ya joto la kawaida, ndani ya sekunde moja inakuwa imetangatanga kama mikromita 3 (mikromita moja ni nanomita 1,000), yaani mara 30 ya upana wake. Kubwa inajikokota, ndogo inahangaika. Kwahiyo ukimulika leza na kuangalia mwanga uliotawanyika unavyopepesa, kupepesa haraka maana yake vidogo, polepole maana yake vikubwa, kompyuta inakupa ukubwa. Viwanda vya rangi na dawa wanatumia hiyo kila siku. Na hospitali, zile mashine za kuhesabu CD4 tulizozizoea, ndani nyingi zina leza, chembe za damu zinapitishwa mojamoja mbele ya mwanga kama watu kwenye geti la kivuko, kila inayopita inatoa mmweko inahesabiwa.

Ila kuna moja ninayoipenda kuliko zote na wengi hawaijui. Wajerumani wa Karlsruhe waliikuza sana kwa ajili ya kuchunguza maji ya ardhini kuzunguka sehemu za kuhifadhi taka za nyuklia, maana vitu kama plutoniamu vinaweza kujibandika kwenye vijichembe vya udongo na kusafiri navyo. Wanapiga leza kwa mapigo mafupimafupi, yamekusanywa kwenye nukta moja ndani ya maji, nguvu imepimwa ili maji yenyewe yasipasuke ila kitu kigumu kikipita hapo kipasuke, maana kitu kigumu kinapasuka kwa nguvu ndogo kuliko maji. Chembe ikiingia kwenye nukta, pa! cheche, na mlio mdogo ambao kifaa kilichobandikwa ukutani mwa chupa kinausikia. Unahesabu milio. Kwa njia hiyo wanahesabu vitu vya chini ya nanomita 20, ambavyo kwa mtawanyiko wa mwanga ungekesha. Yaani huvioni, unavisikia. Lakini bado dada angu, mlio haukwambii ni plastiki, udongo au kutu. Umegongwa mlango tu.

Swali la pili ndo kazi. Hapa inabidi tumrudie Mhindi mmoja, C. V. Raman, ambaye 1921 akisafiri kwa meli alikuwa anahangaika na kwanini bahari ni ya bluu, akarudi Kolkata akaendelea kumulika vimiminika, na mwaka 1928 yeye na mwenzake K. S. Krishnan wakatangaza kwamba mwanga ukitawanywa na kimiminika, sehemu kidogo sana unarudi na rangi iliyobadilika. Walijaribu vimiminika kama 60 hivi, vyote vilifanya. 1930 akapewa Nobel. Kinachotokea ni kwamba mwanga ukiigonga molekuli, mara nyingi sana unaruka vilevile ulivyokuja, ila mara mojamoja molekuli inabaki na sehemu ya nguvu yake ikatetema nayo, mwanga unaondoka umepungukiwa. Kiasi ulichopungukiwa kinategemea ni nini kimetetema. Kaboni na kaboni kwenye duara la plastiki ya polistirini ina mtetemo wake, kaboni na oksijeni kwenye plastiki ya chupa ina wake. Ni kama lafudhi, mtu akifungua mdomo tu unajua huyu wa Pemba huyu wa Mara, hahitaji kukuonyesha kitambulisho.

Shida ni hiyo mara mojamoja. Kwenye fotoni (punje za mwanga) kama milioni 10 zinazotawanywa, moja ndo inarudi na lafudhi. Raman alitumia jua na taa za zebaki, uvumilivu wake siuwezi. Leza ilipokuja 1960 ndo njia hii, ambayo nayo inaitwa Raman kwa jina lake, ikapata miguu, maana leza ina rangi moja tu safi, kwahiyo mwanga wowote unaorudi na rangi nyingine umejulikana umetoka wapi.

Na kwa maji ina bahati ya pekee. Ukitumia infraredi, ambayo nayo inatambua plastiki vizuri, maji yanaimeza yote, lazima ukaushe sampo kwanza, na kwenye darubini ikifika kama mikromita 10 au 20 inaishiwa. Raman maji hayaisumbui sana, lafudhi ya maji ni ya chinichini, na inaweza kushuka mpaka chembe ya mikromita moja.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe ilivyo, maana watu wanadhani unatumbukiza leza kwenye chupa jibu linatoka. Hapana. Unachuja maji, lita moja au zaidi, kwenye filta ndogo yenye vitundu visivyoonekana, mara nyingi ya silikoni au iliyopakwa dhahabu kwasababu filta ya plastiki ingekuwa kichekesho. Filta inakaa chini ya darubini. Unaona mandhari ya ajabu, nyuzi, mawe, vibonge vya kahawia, kitu kama ganda la dagaa. Unachagua kimoja, nukta ya leza inakaa juu yake, unasubiri sekunde kadhaa, kwenye skrini inatoka grafu yenye vilele. Kilele kirefu chembamba kwenye 1001 (namba hizo zinaonyesha mwanga umepungukiwa kiasi gani), unasema polistirini hata bila kufungua kabati la kumbukumbu. Kwenye 1615 na 1726 hivi, hiyo plastiki ya chupa, PET. Halafu unaenda cha pili. Cha tatu. Cha mia nne. Mchana umeisha na filta hujamaliza robo. Na kama maji ni ya mtoni au ya bwawa, mfano kama hayo yanayoanzia Bwawa la Mindu kabla hayajasafishwa, mabaki ya majani na mwani yanang'aa yenyewe yakipigwa na leza, mng'ao unafunika vilele vyote, grafu inakuwa mlima mmoja mnene usiosema kitu. Hapo unahamia leza ya mawimbi marefu zaidi, nanomita 785 badala ya 532, mng'ao unapungua ila na Raman yenyewe inapungua karibu mara tano, unaongeza muda wa kusubiri. Ndo maisha.

Acha nikusimulie aibu yangu. Nikiwa mwanafunzi, nchi ya baridi, maabara siitaji, nilipata vijiuzi vya bluu kwenye sampo zangu karibu zote. Nikafurahi kweli, nikaanza kuandika. Grafu ilikuwa na vilele vikali ila havikufanana na plastiki yoyote, nikakaa navyo wiki mbili. Kumbe ile ni rangi, rangi ya bluu ya viwandani ina Raman kali sana inaifunika kabisa plastiki iliyopakwa, ni kama spika ya msikitini na mtu anayenong'ona. Msimamizi wangu akaja, akaangalia grafu, akaniangalia mimi, akaniambia vua sweta. Sweta la flisi, la bluu. Nilikuwa nachangia mwenyewe kwenye sampo kila nikiinamia. Nilipopima maji ya kulinganishia, yale unayoyapitisha kwenye hatua zilezile bila kuweka sampo, uzi wa bluu ulikuwepo humohumo. Nilitakiwa nianze na hayo. Tangu hapo mtu akinipa namba ya plastiki kwenye maji kitu cha kwanza nauliza ni maji yake ya kulinganishia yalisoma ngapi.

Sasa namba za mteja wako. Mwaka 2018 timu ya Sherri Mason, chuo cha Fredonia jimbo la New York, walipima chupa 259 za kampuni 11, wakapata wastani wa vipande 325 kwa lita, ila wengi wa hao waliwaona kwa rangi inayong'aa tu, waliothibitishwa kwa infraredi ni wale wakubwa zaidi ya mikromita 100, kama 10 kwa lita. Mwaka huohuo Ujerumani, Münster, wakatumia Raman kuanzia mikromita 5 kwenda juu: chupa za plastiki za kutumia mara moja wastani 14 kwa lita, chupa za plastiki zinazorudishwa kujazwa tena 118. Hiyo ya mwisho ikae kichwani, ntairudia. Mwaka huohuo tena, Bavaria, Ujerumani hiyohiyo, wakashuka na Raman mpaka mikromita 1: chupa za mara moja 2,649, za kurudishwa 4,889, na za kioo 6,292, kioo! Watu waliokimbilia kioo walinyamaza kidogo. Halafu Januari 2024 timu ya Columbia, New York, Naixin Qian akiwa na Wei Min na Beizhan Yan, wakashuka mpaka chini ya mikromita moja, kampuni tatu za maji Marekani, wastani 240,000 kwa lita, kati ya 110,000 na 370,000, na asilimia kama 90 ni wale wadogo wa nano.

Unaona mchezo? 14, 2,649, 240,000. Mtu akizipanga hivyo anadhani maji yanaharibika kila mwaka. Kilichobadilika ni jicho. Ukishusha kikomo cha ukubwa namba inapaa, kwasababu kitu kikivunjika kinazaa wadogo wengi kuliko wakubwa. Ndo maana namba ya vipande bila kutajiwa "kuanzia ukubwa gani" haina maana yoyote, ni kama kusema nina noti mia bila kusema za shilingi ngapi. Na uzito ni hadithi nyingine: kipande kimoja cha mikromita 100 kina plastiki sawa na vipande bilioni moja vya nanomita 100. Hao laki mbili na arobaini elfu wote wangekuwa wa nano, ukiwakusanya hawafikii uzito wa chembe moja ya mchanga, hata karibu hawafiki. Sisemi hawana madhara, udogo ndo unaoleta wasiwasi maana kidogo kinapenya. WHO kwenye ripoti yao ya 2019 walisema ushahidi uliokuwepo hautoshi kuonyesha madhara kwa viwango vilivyopimwa na utafiti uendelee, na hao walikuwa bado wanaongelea wakubwa zaidi.

Columbia walifanyaje wakaweza? Hawakutumia Raman ya kusubiri fotoni moja kwenye milioni 10. Walitumia leza mbili kwa pamoja, tofauti ya rangi kati yake imepangwa iwe sawasawa na mtetemo wa plastiki unayoitafuta. Ni kama kusukuma bembea, ukisukuma ovyo haiendi, ukisukuma kwa wakati wake mtoto anafika juu. Plastiki inayolingana inaitikia kwa nguvu, isiyolingana inakaa kimya, kazi ya dakika nyingi inakuwa kufumba na kufumbua. Ila lazima ujue unamtafuta nani. Walipanga plastiki saba, na hizo saba zilikuwa kama asilimia 10 tu ya vijichembe vyote vya nano walivyoviona. Asilimia 90 nyingine hawakuweza kusema ni nini. Hilo mteja wako hakulisoma.

Na lipo moja linalokuhusu wewe moja kwa moja. Kati ya plastiki walizokuta kwa wingi ni poliamaidi, jamii ya nailoni, na wenyewe wakasema huenda inatoka kwenye filta za kusafishia maji, maana utando wa RO tabaka lake la juu nalo ni la jamii ya poliamaidi. Na PET inatoka kwenye chupa yenyewe, hasa ikibonyezwabonyezwa au kupigwa jua, na kifuniko kila kikifunguliwa na kufungwa kinasagika kidogo. Kwahiyo maji ya mabwawa au kisima si lazima yawe mshitakiwa mkuu, mashine yako na dumu lako wanaingia kwenye orodha.

Mashine ununue? Raman usiiwaze, ile ya darubini ni mamia ya milioni za shilingi na mtu wa kuikalia juu, na hiyo ya leza mbili ndo kabisa. Nunua tabiditi mita, kipimo cha ukungu wa maji. Ni lilelile la mteja wako ila limefanywa kwa adabu: mwanga unaingia, jicho la kifaa linakaa pembeni nyuzi 90, linapima kilichotawanyika, na umelilinganisha na kimiminika cha kiwango kwahiyo linakupa namba, NTU, sio ushabiki. WHO wanataka chini ya NTU 1 kabla ya kuua vijidudu, kwasababu vijidudu vinajificha nyuma ya chembe, na taa yako ya UV haiui kilichojificha kivulini. Pima kabla ya RO na baada ya RO kila asubuhi uandike kwenye daftari. Siku namba ya baada ikianza kupanda, huenda utando una shida, na TDS nayo endelea kuiangalia, kila kimoja kinaona chake. Vipimo vya vijidudu na kemikali endelea navyo TBS na kwa Mkemia Mkuu kama kawaida, kipindupindu hakisubiri utafiti wa nano.

Akija mtu anakwambia atakupimia plastiki kwenye maji muulize matatu: unaanzia ukubwa gani, unachuja lita ngapi, na maji yako ya kulinganishia yalisoma ngapi. Ulaya walipopanga njia yao rasmi mwaka 2024 waliweka kuanzia mikromita 20 na kuchuja lita 1,000, sio kikombe. Akibabaika kwenye la tatu hela yako ibaki mfukoni.

Na ile 118 dhidi ya 14 ya Münster. Madumu yako ya kurudishwa, yale yaliyosuguliwa kwa brashi ngumu mpaka ukuta umekuwa na ukungu ukiliweka juani, yatoe kwenye mzunguko, na vijana waambie waoshe kwa brashi laini, wasitie mchanga wala steel wire ndani. Vifuniko visirudiwe. Mteja akirudi na leza yake mtolee glasi tatu, ya maji, ya chumvi na ya tone la maziwa, umwambie achague ipi ni plastiki.